Maisha ya Sidi Mubarak Bombay, Mtu wa Mito na Maziwa



Mhariri wa gazeti letu ametutaka muhula huu tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokufa zamani. Wenzangu wengi wamechagua wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwa mmoja wa hao, bali alikuwa mkalimani na msimamizi wa wapagazi. Lakini bila yeye wasafiri kadhaa wenye majina makubwa wangalipata taabu sana kufika walikofika. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Nimemchagua kwa kuwa alipita katika nchi hii yetu ya Mwanza mwaka 1858, na maneno aliyoyafasiri hapa yaligombanisha wataalamu wa Uingereza kwa miaka mingi. Tena nimemchagua kwa sababu ya sinema. Safari zake zimeigizwa mara nyingi katika picha za sinema, na ni vema sisi tunaokaa Butimba, tunaoliona ziwa lenyewe kila siku, tujue lipi ni la kweli na lipi ni la picha.

Bombay alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kusini, ambako leo ndio mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alikufa angali mtoto mchanga. Alipopata umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara wa pwani wenye panga na bunduki walikizunguka kijiji chao ghafula. Walidai kwamba watu wa kijiji wana deni la bidhaa walizokopeshwa zamani, na wakataka walipwe papo hapo. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa, wala hawakuweza kupigana na wenye bunduki. Wakakimbia, lakini wengi walikamatwa, na yule mtoto alikuwa miongoni mwao. Tangu siku ile hakusikia tena habari za baba yake wala za ndugu yake yeyote.

Mateka walifungwa minyororo na kamba, wakaswagwa mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa wakapakiwa chomboni kwenda Unguja. Huko sokoni mtoto yule aliuzwa kwa vipande vichache vya nguo kwa tajiri mmoja, naye akamchukua mpaka Bara Hindi. Tafadhali, msomaji, fikiri kidogo juu ya bei hiyo.

Huko Bara Hindi alikaa miaka mingi akimtumikia bwana wake. Alijifunza Kihindustani, na hapo ndipo alipopata jina tunalomjua kwalo. Sidi ndivyo walivyoitwa watu wa asili ya Afrika waliokaa Bara Hindi. Mubarak ni neno la Kiarabu, maana yake aliyebarikiwa. Na Bombay ni mji mkubwa wa bandari wa huko, ambao sasa huitwa Mumbai. Jina alilopewa na wazazi wake wa Kiyao halikuandikwa katika vitabu. Bwana wake alipokufa, yeye akawa huru. Akarudi Unguja, akaandikwa askari katika jeshi la Sultani, kisha akapelekwa Chogwe, kituo kidogo kilichokuwa kando ya mto Pangani.

Hapo Chogwe, mapema mwaka 1857, walifika maofisa wawili wa Kiingereza, Richard Burton na John Hanning Speke. Walikuwa wakijitayarisha kwenda bara kutafuta maziwa makuu, na hasa kutafuta chanzo cha mto Nile. Swali la chanzo hicho lilikuwa limewashinda watu tangu zama za kale. Burton alijua Kiarabu na lugha nyingine nyingi. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, lakini kwa kuwa wote wawili walikuwa wametumika katika jeshi la Bara Hindi, waliweza kusema na Bombay kwa Kihindustani. Hivyo lugha aliyojifunza utumwani ndiyo iliyompa kazi ya maisha yake.

Msafara uliondoka pwani katikati ya mwaka 1857. Ulipita Ugogo, ukafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Ukavuka mto Malagarasi, na mwezi wa Februari 1858 ukafika Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Burton alikuwa mgonjwa hawezi kutembea, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho hata ziwa lenyewe hakuweza kuliona sawasawa.

Sasa liko jambo moja ambalo nataka wenzangu wanaosoma Jiografia walishike. Upande wa kaskazini wa ziwa Tanganyika uko mto Ruzizi. Kama mto ule hutoka ziwani na kwenda kaskazini, basi huenda ukawa ndio Nile. Kama huingia ziwani, basi sio. Swali zima lilikuwa hilo: maji yanakwenda wapi? Speke alikuwa amemwuliza mfanyabiashara mmoja Mwarabu aliyekaa ng'ambo ya ziwa, naye akarudi akiamini kwamba mto hutoka. Mwezi wa Aprili 1858 wakapanda mitumbwi mpaka Uvira, karibu na ncha ya ziwa. Huko wana wa mtawala wa nchi waliwaambia kwamba Ruzizi huingia ziwani. Burton alivunjika moyo kabisa. Bombay alipoulizwa, alieleza kwamba yule Mwarabu alisema tangu mwanzo juu ya mto unaoingia, ila Speke hakumwelewa.

Kutoka kwa kisa hiki twaona jinsi elimu ya mito ilivyopatikana siku zile. Mtu wa nchi alisema kwa lugha yake. Mtu mwingine aliyageuza maneno hayo kuwa Kiswahili. Bombay akayageuza Kiswahili kuwa Kihindustani. Speke, ambaye Kihindustani chake hakikuwa kizuri sana, akayaandika kwa Kiingereza. Mto mmoja ulivuka ndimi nne kabla ya kufika katika ramani, na neno dogo kama kutoka na kuingia liliweza kupinduka njiani.

Waliporudi Kazeh, Burton alibaki apumzike. Speke alikuwa amesikia habari za ziwa jingine kubwa upande wa kaskazini, akaondoka tarehe 9 Julai, 1858, pamoja na Bombay, askari wachache wa Kibulushi na wapagazi. Walipita katika nchi ya Wasukuma, na tarehe 30 Julai waliona maji kwa mara ya kwanza. Maji hayo yalikuwa ni mkono mwembamba wa ziwa, nao wakaufuata kwenda kaskazini. Mkono huo ndio Ghuba ya Mwanza, ambayo sisi tunaitazama kutoka Butimba. Tarehe 3 Agosti, baada ya kuondoka mahali alipopaandika Isamiro, jina ambalo mtu wa Mwanza hawezi kulisikia asikumbuke Isamilo, msafara ulipanda kilima, na Speke akaliona ziwa kuu limetanda mbele yake. Tangu Kazeh walikuwa wamekwenda siku 25.

Walipokelewa na mtemi wa Mwanza, aliyeitwa Mahaya. Speke alitaka kujua ziwa linakwenda mpaka wapi upande wa kaskazini. Akaletwa mtu aliyesifiwa kuwa msafiri mkubwa, akaulizwa kwa njia ya ukalimani wa Bombay. Mtu yule aligeuka akatazama kaskazini, akatikisa kichwa, akawa anarusha mkono wake mbele na kuvialisha vidole, kuonyesha kwamba ukubwa wake haupimiki, na kwamba huenda maji yanafika mwisho wa dunia. Sisi wenyeji tunaijua sana ishara hiyo ya vidole, wala haihitaji mkalimani. Speke alikaa siku chache tu, hakuwa na mashua ya kumvusha, akarudi Kazeh tarehe 25 Agosti akiwa na hakika moyoni kwamba amepata chanzo cha Nile. Ziwa akalipa jina la Malkia wake, Victoria, ingawa wenyeji walikwisha kuliita Nyanza.

Burton hakukubali. Alisema kwamba Speke hakuona mto wowote unaotoka ziwani, na kwamba habari zake zote zimepita katika Kihindustani kibovu na Kiswahili cha Bombay. Ugomvi huo uliendelea mpaka Uingereza. Mwezi wa Septemba 1864 wote wawili walitakiwa kukutana mjini Bath mbele ya wataalamu, lakini siku moja kabla ya mjadala Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda.

Kwa maoni yangu, Burton alikuwa na haki kudai ushahidi, maana neno lililopita katika vinywa vingi si kipimo cha elimu. Lakini ukweli ulikuwa kwa Speke, na mtu yule wa Mwanza aliyevialisha vidole hakudanganya. Ziwa letu lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Basi asiyeliona mwisho wake asilaumiwe. Na mkalimani aliyeyafikisha maneno yake hakuyaharibu.

Kabla ya mauti hayo, Bombay alikuwa amekwisha kusafiri tena na Speke. Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant ili apate huo ushahidi. Safari hii ilichukua zaidi ya miaka miwili. Walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, wakavuka mto Kagera, na mwezi wa Februari 1862 Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mwezi wa Julai walifika Urondogani, penye mto Nile wenyewe. Speke kwa furaha aliwaambia watu wake kwamba ingefaa wanyoe vichwa na kuoga katika mto ule mtakatifu. Bombay akamjibu kwamba wao hawayatazami mambo hayo kwa macho yale. Wao wanatosheka na mambo ya kawaida ya maisha. Nimelipenda sana jibu hilo. Kwa mtu aliyekulia maji ya mito, mto ni mto: una samaki, una viboko, unavukwa.

Tarehe 28 Julai, 1862, Speke alifika mahali maji yanapotoka ziwani, karibu na Jinja, akapaita maporomoko ya Ripon. Kisha kutoka Bunyoro Bombay alitumwa kaskazini kutafuta kituo cha wafanyabiashara waliotoka upande wa Sudani, akaenda akarudi na habari njema. Mwezi wa Februari 1863 msafara ulifika Gondokoro, na hatimaye Misri. Bombay na wenzake waaminifu 18 walirudishwa kwao kwa njia ya Suez, Aden, Mauritius na Shelisheli mpaka Unguja. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha.

Isidhaniwe kwamba safari hizo zilikuwa za heshima tupu. Speke ambaye alimsifu Bombay katika kitabu chake, ndiye pia aliyempiga ngumi mbele ya watu wake njiani, na meno ya mbele ya Bombay yaling'oka. Tena Bombay mwenyewe hakuwa malaika. Baadhi ya waliomwajiri waliandika kwamba alipenda pombe, na kwamba alipokuwa mzee kidogo alichelewa kazini na kubishana na wakubwa wake. Lakini wakubwa wapya waliofika Unguja wakitaka kwenda bara waliendelea kumwulizia Bombay.

Ndivyo alivyofanya Henry Morton Stanley mwaka 1871, alipokuja kumtafuta Daktari Livingstone. Alimfanya Bombay kuwa mkuu wa askari wa msafara. Wakatoka Bagamoyo, wakafika Ujiji mwezi wa Novemba mwaka ule ule, wakamkuta Livingstone yu hai. Stanley na Livingstone walikwenda kwa mtumbwi mpaka kwenye Ruzizi, wakauona mto kwa macho yao: unaingia ziwani, kama Bombay alivyoeleza miaka 13 nyuma.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa na Verney Lovett Cameron. Walianza mwaka 1873. Walipokuwa Tabora walipata habari kwamba Livingstone amekufa, na watu wake Chuma na Susi wanaileta maiti yake pwani. Cameron aliendelea mbele. Mwaka 1874 aliuona mto Lukuga, unaotoa maji ya Tanganyika upande wa magharibi, na mwezi wa Agosti akafika Nyangwe kwenye mto Lualaba. Livingstone alitumaini kwamba Lualaba ndio Nile, lakini vipimo vya Cameron vilionyesha kwamba pale Nyangwe mto uko chini kuliko Nile ya Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Kwa hiyo ni Kongo. Wakatembea mpaka wakatokea bahari ya Atlantiki karibu na Benguela, Angola, mwezi wa Novemba 1875. Bombay alikuwa amevuka Afrika kutoka bahari hadi bahari. Mwaka ule ule wa 1875 Stanley alikuwa akilizunguka ziwa letu kwa mashua, akihakikisha kwamba ni ziwa moja na wala si maziwa mengi madogo.

Bombay alirudi Unguja, akapewa pensheni na kile Chama cha Jiografia, akafa mwaka 1885. Hukadiriwa kwamba alitembea kilometa zipatazo 9,600, karibu zote kwa miguu.

Sasa nigeuke kwenye sinema. Mwaka 1939 ilitoka Marekani picha ya Stanley and Livingstone. Wapiga picha waliletwa Afrika ya Mashariki wachukue mandhari na wanyama, lakini Spencer Tracy, aliyeigiza Stanley, alipigwa picha kule kule Marekani. Mwaka 1951 ilitoka The African Queen, hadithi ya mto wa nchi yetu wakati wa vita ya 1914. Lakini mto unaoonekana ni Ruiki katika Kongo, na maji mengine ni ya Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na ziwa Albert. Mwaka 1971 shirika la BBC lilionyesha The Search for the Nile katika sehemu 6. Mwaka 1990 ikatoka Mountains of the Moon ya Bob Rafelson, inayoonyesha Burton na Speke; Bombay aliigizwa na Paul Onsongo, na mandhari ya Afrika yalipigwa Kenya. Kwa hiyo mtu akiitazama picha ile na kushangilia kuiona Mwanza, ameshangilia Kenya.

Silaumu. Mpiga sinema hutazama gharama, barabara, hoteli na mwanga wa jua. Tena mahali pengine pa kweli hapapo tena: maporomoko ya Ripon yalizama baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na hakuna awezaye kuyapiga picha leo. Hata kupiga picha mahali penyewe si dhamana ya kukubaliwa. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004 ilipigwa hapa hapa Mwanza, juu ya sangara na ndege za mizigo, lakini mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwa jinsi ilivyoionyesha nchi. Basi mahali pa kweli ni kitu kimoja, na habari ya kweli ni kitu kingine.

Linaloniuma mimi ni jambo jingine. Katika picha hizo mkalimani husimama pembeni. Hutafsiri sentensi mbili, hucheka, kisha kamera humwacha. Hata ramani imefanya vivyo hivyo. Upande wa mashariki wa mji wetu iko Ghuba ya Speke. Nimelitafuta jina la Bombay katika ramani ya mkoa iliyotundikwa darasani kwetu, kwenye ghuba, visiwa, vilima na mito, wala sikuliona.

Wenzangu, siku hizi kila mwenye simu ana kamera mfukoni, na katika shule yetu wako wanaosema kwamba wakimaliza masomo watakuwa wapiga filamu. Nawaomba wakumbuke kwamba mahali pa habari hii wanapo: ghuba iko chini yetu, vilima vya mawe viko pale pale, na Wasukuma wazee wenye kuvialisha vidole bado wapo. Hawatahitaji kwenda nchi nyingine kutafuta ziwa la kukopa. Wampange Bombay katikati ya picha, mbele ya Mtemi Mahaya, akiwa na Kiswahili upande mmoja na Kihindustani upande wa pili, na Speke angoje mpaka yeye amalize kusema.